Msitu mzuri, mijusi dhaifu: kisa cha terariamu ya Kimboza mjini Hannover

Mjusi buluu wa Kimboza, Lygodactylus williamsi kwa jina la kisayansi, haishi porini popote duniani isipokuwa kwenye vipande vichache vya msitu wa nyanda za chini, mashariki mwa milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Kipande kikubwa ni Hifadhi ya Msitu wa Kimboza, hekta kama 400, na barabara ya kutoka Morogoro kwenda Matombo na Kisaki inapita humo. Arthur Loveridge alimwandika kisayansi mwaka 1952. Ni mjusi mdogo, sentimita 6 hadi 8 pamoja na mkia. Dume aliyekomaa ana buluu inayowaka, koo jeusi na tumbo la rangi ya machungwa. Jike ni wa kijani chenye wekundu wa shaba.

Buluu hiyo ndiyo iliyomponza. Watafiti wamekadiria kuwa kati ya mwisho wa mwaka 2004 na katikati ya mwaka 2009, kundi moja tu la wakamataji liliwatoa msituni mijusi kati ya elfu 32 na elfu 42 kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo. Mjusi huyu hukaa kwenye mkadi, mti wenye majani ya miiba usiokweleka kirahisi, kwa hiyo wengi wa wakamataji waliukata mti mzima. Mwaka 2012 mjusi aliingizwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na tangu Januari 2017 mjusi huyu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anayetaka kumfuga Ulaya leo atafute waliozaliwa kwa wafugaji, wenye vyeti. Mimi hutengeneza terariamu, masanduku ya kioo ya kufugia wanyama wadogo, na ya mjusi huyu siigusi kabla sijaviona vyeti.

Mwenye mijusi wa kisa hiki ni mzee mstaafu, fundi umeme, mzaliwa wa upande wa Mkuyuni, karibu na Kimboza, aliyeishi Hannover, Ujerumani, miaka mingi. Alinunua mijusi watatu kwa mfugaji: dume mmoja na majike wawili, kwa maelezo ya muuzaji. Karatasi zote zilikuwepo. Aliponipigia simu alikuwa na malalamiko matatu. Dume, ambaye bei yake yote ilikuwa rangi, amegeuka kijani cha matope. Jike mmoja anataga mayai yenye ganda laini, yananywea kabla ya siku mbili. Jike wa pili haonekani, na siku akionekana amekonda.

"Kijana," akaniambia baada ya shikamoo na habari za nyumbani, "nimewajengea Kimboza nzima. Wanataka nini tena?"

Nilipoiona, nilielewa kwa nini aliuliza hivyo. Terariamu ya kioo, upana sentimita 60, kina 45, kimo 90. Ukuta wa nyuma aliupulizia povu, akalichonga, akalipaka silikoni na udongo hadi likawa jabali lenye mizizi. Kutoka juu kulishuka maporomoko ya maji yaliyoendeshwa na pampu iliyofichwa chini. Kuvumwani (moss) kila mahali, okidi mbili, bromelia, na mashine ya ukungu iliyojiwasha kila baada ya saa chache. Juu ameweka bamba la kioo ili unyevu usitoroke, na juu ya bamba hilo taa za LED za mimea pamoja na tyubu ya UVB, mionzi ya urujuanimno kama ya jua, ya aina nzuri, karibu mpya. Waya zote zimepita kwenye mfereji mmoja, safi, kama unavyotegemea kwa fundi wa rika lake. Ningeweza kuiweka dirishani kwa duka nikauza kumi.

Nikatoa vipimo. Joto juu kabisa, nyuzi 26, katikati 25, chini 24. Unyevu wa hewa asilimia 93 mchana, na usiku haukushuka. Nikaweka kipima mionzi ya urujuanimno kwenye tawi la juu kabisa, chini ya tyubu ya UVB. Kikasoma sifuri.

Hapa ndipo palipokuwa na kiini cha mayai laini. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga unaoonekana lakini huzuia karibu UVB yote. Tyubu ilikuwa inawaka, inakula umeme, inazeeka, na hakuna chembe ya mionzi yake iliyowafikia mijusi. Mjusi wa mchana anahitaji UVB ngozini ili mwili utengeneze vitamini D3, na bila D3 utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha hata ukimlisha chaki. Mzee alikuwa akinyunyizia wadudu unga wa kalsiamu usio na D3, kwa kuwa aliambiwa taa ingeshughulikia hilo, ushauri ambao ungekuwa sahihi kama taa ingefika. Jike anayetaga hutoa kalsiamu kwenye hifadhi yake mwenyewe, hasa ile inayoonekana kama vifuko vyeupe shingoni, kisha kwenye mifupa. Matege ya mjusi huanza hivyo. Huyu taya lake lilikuwa bado gumu, bahati yake, lakini vifuko vya shingoni havikuonekana kabisa.

Na hata unga wenyewe haukuwa ukifika. Inzi wa matunda wasioruka waliotiwa unga walikuwa wakitembea kwenye kuvumwani lililolowa, unga unaoshwa, wengine wanazama kwenye kidimbwi cha maporomoko, wengine wanapotelea kwenye mashimo ya jabali la povu. Mzee aliona chombo cha inzi kinarudi kitupu akahesabu kuwa wameliwa.

Nyuzi 26 juu na 24 chini nazo zilieleza mengi. Mjusi hupasha mwili moto kwa kuchagua mahali pa kukaa, na ndani ya kioo kile hapakuwa na cha kuchagua. Taa za LED zinang'arisha majani bila kutoa joto la maana. Palikuwa na sehemu moja tu yenye afadhali ya digrii mbili, gogo lililokaa karibu na bamba la juu, na dume ndiye aliyelimiliki.

Lile gogo ndilo lililonipeleka kwa jike wa pili. Alikuwa amejibanza nyuma ya maporomoko, chini kabisa, mahali penye baridi na giza kuliko pote, rangi yake kahawia. Tulimtoa tukamwangalia tumboni kupitia kopo la plastiki angavu. Mbele ya tundu la haja kulikuwa na msitari wa vitundu vidogo uliopinda kama mshale, na shina la mkia limevimba pande mbili. Alikuwa dume. Kwa mijusi hawa, dume mnyonge anayeishi machoni pa dume mwenye nguvu hubaki na rangi ya kike, pengine kwa miezi, na muuzaji asiyemgeuza tumbo hatajua. Kwa hiyo mle ndani mlikuwa na madume wawili na mahali pamoja pa kuota joto. Mmoja alikuwa akijificha na mwingine akilinda gogo kutwa, ana baridi, hana UVB, na mpinzani wake yupo umbali wa hatua chache. Buluu ya mjusi huyu hubadilika kwa joto na kwa hali ya moyo. Hakukuwa na sababu ya yule mkubwa kuwaka.

Dume wa pili alihamishwa siku hiyohiyo. Nalisema wazi kwa sababu wajenzi wenzangu hupenda kuamini kuwa majani mengi na vizuizi vya macho hutatua ugomvi. Porini mkadi mmoja kwa kawaida huwa na dume mmoja mkubwa, majike na watoto. Dume anayeshindwa huenda mkadi mwingine. Kwenye sanduku la sentimita 60 hakuna mkadi mwingine.

Baada ya hapo ikabaki kazi ngumu kuliko zote, kumwambia mzee kuhusu maporomoko yake. Mtu mzima amekaa majira mazima ya baridi akichonga jabali. Humwendei na orodha ya makosa. Nikaamua kumwuliza badala ya kumwambia.

"Mzee, ulipokuwa mtoto, mijusi hawa mliwaona wapi hasa?"

Akacheka. Utotoni hakuna aliyekaa kumwangalia mjusi, akasema, labda kumrushia kokoto. Lakini aliwakumbuka. Kwenye mikadi, ile inayoota kati ya mawe. Asubuhi jua likishapenya, wanakaa kwenye majani ya nje, kichwa kikielekea chini. Ukikaribia wanazama katikati ya mti, pale majani yanapobanana, na hapo humpati tena kwa sababu ya miiba.

"Na kwenye maji je?"

"Maji gani? Pale ni mawe matupu. Mvua ikinyesha maji yanazama."

Akanyamaza, akayatazama maporomoko yake.

Aliyosema ndiyo yanayojulikana. Kimboza ni msitu unaoota juu ya mawe ya chokaa yaliyotobokatoboka, na maji ya mvua hupotelea kwenye nyufa za mawe. Mkadi wa pale ni Pandanus rabaiensis. Majani yake ni marefu, magumu, yamejipanga kwa kuzunguka shina, na kila jani linapoanzia pana kijifuko kinachokusanya maji ya mvua, majani makavu na wadudu. Ncha za nje zinapata jua; sentimita thelathini ndani ni kivuli, unyevu na usalama. Mjusi anaota jua, anakunywa, anawinda, anajificha, analala na kutaga bila kuuacha mti huo. Anapoenda saa nne asubuhi na anapoenda saa nane mchana ni hatua tano tu, lakini ni hali mbili tofauti za hewa.

Mzee alikuwa amejenga msitu wa mvua kama unavyoonekana kwenye picha za Amazoni: kuvumwani, ukungu, okidi, maji yanayotiririka. Unawafaa vyura wa sumu wa kule. Msimamo wangu katika kazi hii ni kwamba huwezi kuleta msitu ndani ya nyumba, unaweza kuleta kitu kimoja ambacho mnyama anakitumia kutwa nzima, na terariamu ya mjusi huyu inapaswa kuwa mkadi mmoja uliosimama pembeni mwa jua. Vingine vyote ni mapambo, vikae visipozuia.

Tulianza na paa. Bamba la kioo liliondoka, tukaweka wavu laini wa chuma kisichoshika kutu. Wavu nao hupunguza UVB kwa kiasi kisichopuuzika, ndiyo maana kipimo huchukuliwa chini ya wavu, pale mgongo wa mjusi utakapokuwa, wala si kwenye maandishi ya boksi la taa. Matundu ya hewa chini ya mlango, ambayo mzee aliyaziba kwa utepe ili unyevu usitoke, yalifunguliwa. Sasa hewa inaingia chini, inapata joto, inatokea juu.

Taa ya halojeni ya kuelekeza na tyubu ya UVB zote ziliwekwa upande wa kushoto, mbele. Hili la kuziweka pamoja wengi hulipuuza. Juani, joto, mwangaza na UVB huja kwa pamoja. Mjusi anayetafuta pa kuota hufuata zaidi joto na mwanga. Ukimwekea joto kona hii na UVB kona ile, ataota moto bila mionzi. Tulirekebisha umbali hadi jani la juu likasoma nyuzi 33 hadi 34 na kipimo cha UVI, yaani nguvu ya urujuanimno, kikakaa karibu na 3. Kona ya nyuma kulia, chini ya majani, UVI ni sifuri na joto nyuzi 24. Usiku kila kitu kinazimwa, joto linashuka hadi 20 au 21 pamoja na chumba. Mzee alitaka kuongeza kitanda cha joto cha usiku kwa sababu ni Ulaya; sebule yake haishuki chini ya 19, kwa hiyo hapana.

Saa za mwanga ni 12, mwaka mzima kwa swichi ya saa. Kimboza iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, mchana wake haubadiliki hata kwa saa nzima kati ya Juni na Disemba. Hannover mwezi Juni kunapambazuka alfajiri sana na giza linaingia saa nne usiku, kwa hiyo pazia la sebuleni limekuwa sehemu ya terariamu.

Mkadi wenyewe tuliupata kwa muuza mimea ya ndani: Pandanus veitchii mchanga, si ule wa Kimboza, lakini una umbo lilelile la majani. Una miiba pembeni mwa majani. Mzee alivaa glavu za kazi. Kwa kuwa bado mdogo, tulizungushia sansevieria za majani ya duara, zile zinazokaa kwenye vyungu vya maofisini, na mabua ya mianzi yaliyosimama wima kwa vimo tofauti. Mianzi mitatu inafika kwenye jua, ili pawe na zaidi ya mahali pamoja pa kuota, maana gogo moja lilishatuonyesha linachofanya. Ncha za juu zimekatwa kwa mshazari, uwazi wa ndani sentimita 2 hivi, kwa ajili ya kutagia.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea mianzi na sansevieria kuliko povu na kuvumwani. Lygodactylus wana vigandio chini ya vidole, na pia chini ya ncha ya mkia. Mkia ni kama mguu wa tano. Vigandio hivyo hufanya kazi kwenye jani laini na kavu. Kwenye povu lililopakwa udongo na kulowa, mjusi anatembea kwa kujivuta. Mzee alipoona jike anavyokimbia juu ya mwanzi siku ya kwanza alisema hakujua kuwa ana mwendo huo.

Maporomoko aliyatoa mwenyewe, sikumwomba mara ya pili. Akaleta vipande vya mawe ya chokaa akavipanga mahali pake, na nakiri vinapendeza kuliko jabali la awali. Sakafu haikuhitaji maneno mengi: kokoto za kupitisha maji, udongo, majani makavu ya mwaloni, na wadudu wadogo wanaokula uozo.

Mashine ya ukungu ilifungwa kwenye boksi. Sasa anapuliza maji kwa mkono asubuhi kabla ya taa kuwaka na jioni zikikaribia kuzimwa, hasa kwenye vijifuko vya majani, kwa kuwa mijusi hawa hulamba matone. Sharti ni moja: ifikapo adhuhuri, majani ya juu yawe yamekauka. Unyevu unashuka hadi asilimia 55 au 60 mchana na kupanda kupita 80 usiku. Tukaongeza misimu, jambo ambalo mzee alilipenda kupita yote. Masika, Machi hadi Mei, anapuliza zaidi. Kipupwe anapunguza maji na kushusha joto kidogo, jike apumzike kutaga. Vuli anaongeza tena. Kalenda anayo kichwani tangu utotoni, haikuhitaji kuandikwa.

Jike sikuachia taa peke yake. Alipelekwa kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, akapewa kalsiamu ya kunywa, na kwa kipindi hicho inzi walinyunyiziwa unga wenye D3. Taa inazuia upungufu. Mjusi aliyekwisha kopa kutoka kwenye mifupa yake anahitaji zaidi ya taa.

Dume mkubwa alirudisha buluu yake ndani ya siku chache baada ya mpinzani kuondoka na jua kuwaka, kabla hata mimea haijashika. Jike alichukua muda mrefu, vifuko vya shingoni vikarudi taratibu, kisha akataga mayai mawili magumu, ameyagandisha ndani ya mwanzi mmoja kwenye kivuli. Mayai ya namna hiyo hayabanduki bila kuvunjika, kwa hiyo mwanzi mzima ulitolewa ukawekwa kwenye chombo kingine, kwani wazazi hula watoto wanaowakuta.

Kona ya chini kulia mzee amebakiza kuvumwani na okidi moja. Sina ugomvi nayo. Iko chini, iko kivulini, na mijusi hawaifuati. Shida inayokuja ni mkadi. Pandanus veitchii haujui kuwa umepandwa kwenye kimo cha sentimita 90, utaanza kusukuma wavu wa juu, na majani yakikaribia halojeni yataungua. Itabidi ung'olewe na mchipukizi wake uanze upya, au sanduku lijengwe kubwa zaidi. Mzee ameshaanza kupima ukuta wa sebule.

Dume wa pili, yule "jike", alipata buluu kamili na koo jeusi alipokaa peke yake. Bado yuko kwenye terariamu yake ndogo. Mzee amempata mfugaji mwenye jike asiye wa ukoo wake, wabadilishane, na kwa kanuni za Umoja wa Ulaya hata kubadilishana mjusi wa orodha hii kunahitaji cheti, kwa hiyo maombi yapo kwenye mamlaka ya uhifadhi, yanasubiri muhuri.